MAONI: Kutulia dakika kumi kwa siku si starehe ya matajiri

UKIMWAMBIA kijana wa mtaani akae chini dakika kumi bila simu, bila muziki na bila stori, atakuuliza kama umechizi. Ukimwambia kwamba hiyo ndiyo meditesheni, atacheka zaidi. Kwake hayo ni mambo ya watu wa Karen na Runda, wenye mkeka wa rangi, chupa ya maji ya bei ghali na mwalimu wa kulipwa. Isitoshe, kwa lugha ya mtaa mkeka si kitu cha kukalia. Mkeka ni ile orodha ya mechi kumi na mbili ambayo mtu huibetia shilingi hamsini huku akimwomba Mungu Arsenal wasimwangushe.

Mimi naona mambo ni kinyume. Kati ya vijana wote wa nchi hii, anayehitaji zaidi kujifunza kutulia si yule wa Runda. Ni yule wa keja ya chumba kimoja, mwenye deni la mkopo wa simu, asiye na kazi ya kudumu, na ambaye kidole chake hubonyeza kabla kichwa hakijafikiri. Huyo akikosea mara moja, hana baba wa kumlipia.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini, maana hata neno lenyewe linatupotosha. Shuleni tulifunzwa kwamba kutafakari ni kuwaza jambo kwa kina. Kutafakari ninakokuzungumzia hapa si kuwaza sana. Kuwaza sana tunakujua, tunakufanya kila usiku tukiangalia dari. Hapa unachagua kitu kimoja, mara nyingi pumzi yako, unaiweka akili hapo. Akili itatoroka. Ukigundua imetoroka, unairudisha polepole bila kujitukana. Basi, kazi ni hiyo. Itatoroka mara mia, nawe utairudisha mara mia.

Wengi hujaribu siku moja, wakaona mawazo yanafurika kama maji ya mvua Mukuru, wakasema, "Hii kitu hainifai." Wanadhani wameshindwa. Lakini pale unapogundua kwamba akili imetoroka ndipo zoezi lenyewe lilipo. Nenda kwenye jimu yoyote ya mtaani, zile za mikebe iliyojazwa simiti. Hakuna anayelalamika kwamba chuma kinarudi chini kila akikiinua. Kinarudi, unainua tena, na msuli unakua hapo.

Sasa kijana anapata nini?

Cha kwanza ni nafasi. Namaanisha ile sekunde moja au mbili kati ya kuguswa na kujibu. Saa tano usiku ujumbe unaingia: umeidhinishiwa mkopo, bonyeza hapa. Konda anakukataza kushuka stejini kwako na kukutukania mama. Mtu usiyemjua anakuandikia upuzi mtandaoni. Katika hali zote hizo mwili hutangulia. Moyo unadunda, kifua kinabana, mkono unasonga. Wahenga walisema hasira hasara, na kila mtoto wa Kenya ameiandika kwenye insha. Ila methali hiyo inakuonya tu, haikuonyeshi namna ya kuizuia hasira ikishapanda. Mtu aliyezoea kuitazama pumzi yake kila siku huanza kuona mapema: kifua kimebana, nimekasirika, nataka kubonyeza. Akishaona, anaweza kuamua. Asipoona, ameamuliwa.

Kwa anayebeti, sekunde hiyo inaweza kuwa kodi ya nyumba. Michezo ya kamari ya simu imetengenezwa kwa kasi makusudi, raundi moja ikiisha nyingine inaanza, usipate muda wa kujiuliza unafanya nini. Dawa yake si kasi nyingine. Ni kujizoeza kuwa na pengo hilo hata kama ni dogo, ili swali lipate pa kuingilia.

Cha pili ni mwili wenyewe. Hili si jambo la imani. Ukivuta pumzi, mapigo ya moyo huongezeka kidogo, na ukiitoa, hupungua. Kwa hiyo ukipumua polepole na kuitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, unauambia mwili wako kwamba hakuna hatari hapa. Mabega yanashuka, taya zinalegea. Ni kitu ambacho hakuna anayeweza kukikatia kwa kutolipa tokeni wala kukuuzia kwa bando.

Cha tatu ndicho kikubwa zaidi kwangu. Unajifunza kwamba wazo ni wazo tu. Mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili, karo ilipokatika. Kila msimu wa mahafali picha za majoho hujaa kwenye simu, na sauti fulani kichwani huanza: wenzako wamefika, wewe umebaki. Kutulia hakujaizima sauti hiyo. Ilichofanya ni kunionyesha kwamba inakuja, inapiga kelele, kisha inaondoka kama muuzaji anayepita mlangoni. Si lazima nifungue mlango kila anapobisha. Zamani siku kama hiyo ingekwenda yote. Sasa huondoka na nusu saa, nami narudi kuandika.

Usidhani haya ni maneno ya kujifariji tu. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha utafiti ambao watu wazima 2,250 waliulizwa kupitia simu, saa tofauti za siku, wanafanya nini na wanawaza nini. Karibu asilimia 47 ya wakati, akili zao hazikuwa kwenye kile walichokuwa wakifanya. Na akili ilipozurura, furaha yao ilikuwa chini. Yaani karibu nusu ya maisha tunayapitisha mahali ambapo hatupo, na safari yenyewe haitufurahishi.

Kutumia mazoezi haya hospitalini nako hakukuanza jana. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo ya namna hii katika chuo cha udaktari cha University of Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu ambao matibabu ya kawaida hayakuwa yamewatosha. Tangu hapo yamepimwa mara nyingi. Mwaka 2014, watafiti wa Johns Hopkins walikusanya majaribio 47 yaliyohusisha watu zaidi ya 3,500. Waligundua kwamba mafunzo ya namna hii hupunguza wasiwasi, huzuni na maumivu, kwa kiasi kidogo hadi cha wastani. Hawakupata ushahidi kwamba yanashinda mazoezi ya mwili au dawa. Napenda jibu hilo kwa sababu halina chumvi. Anayekuahidi kwamba kupumua kutakutajirisha ana kozi anataka kukuuzia.

Katika nchi hii hata kiasi kidogo ni kikubwa. Mwaka 2020 jopokazi la serikali kuhusu afya ya akili lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Wewe na mimi tunajua foleni za hospitali za umma zilivyo, na ada ya kikao kimoja na mshauri wa kibinafsi inavyoweza kumeza bajeti ya chakula ya wiki. Kitu cha bure kinachosaidia kidogo, na ambacho mtu anaweza kukianza leo usiku akiwa kitandani, si cha kudharauliwa.

Najua maswali yenu. La kwanza ni kelele. Jirani wa kushoto ana sabufa, wa juu wanagombana, na chini fundi anachomelea madirisha. Ukingoja kimya Pipeline utazeeka. Bahati nzuri kimya si sharti. Usipigane na kelele. Isikie, itambue kwamba ni kelele, kisha rudi kwenye pumzi. Sabufa inakuwa kama kile chuma cha jimu. Matatu iliyokwama Jogoo Road inafaa. Kama uko katikati ya jiji na huna pa kwenda, Bustani ya Jeevanjee ina viti, na hata wahubiri wa mchana hawatakuzuia kupumua.

La pili ni dini. Mama akikukuta umefumba macho atauliza umejiunga na dhehebu gani. Ni kweli mazoezi mengi ya aina hii yana mizizi yake kwa Wahindu na Wabudha wa Asia. Lakini kukaa kimya si mali ya dini moja. Mwislamu anayekaa itikafu msikitini siku kumi za mwisho za Ramadhani anakijua kimya. Mkatoliki anayesali rozari, punje baada ya punje, anajua kazi ya kurudisha akili iliyotoroka. Kama wewe ni mtu wa sala, anza hapo hapo. Ukishamaliza kuomba, baki dakika tano bila kuomba kitu.

La tatu ni zito zaidi. Wapo wasee watakaosema kwamba tunawatuliza vijana ili serikali ipate kulala. Nawaelewa. Juni 2024 tuliona kwamba nchi hii husikia vijana wakipaza sauti, na Rais akakataa kuutia saini Mswada wa Fedha. Kupumua hakuleti ajira. Hakushushi bei ya unga wala hakumfungi jela mwizi wa mali ya umma. Anayetaka tukubali dhuluma kwa tabasamu asije kwangu. Lakini kutulia na kunyamazishwa ni vitu viwili. Kijana asiyeweza kushika hasira yake ndiye anayenunuliwa kwa mia tano akarushe mawe kwa niaba ya mwanasiasa asiyemjua hata jina la mama yake. Aliyetulia huuliza kwanza: haya mawe ni ya nani, na kesho nitazikwa na nani? Mapambano marefu yanahitaji watu wasiochoka haraka.

Basi unaanzaje? Kaa kwenye stuli, kitanda au jerikani la maji, mgongo wima, nyayo chini. Weka kengele ya simu dakika tano, kisha ilaze kifudifudi ukiwa umezima data. Vuta pumzi kwa pua, itoe polepole. Kila ukiitoa hesabu moja, mbili, mpaka kumi, halafu anza upya. Ukijikuta umefika ishirini na tatu au unawaza deni la duka, cheka kidogo, rudi kwenye moja. Fanya hivyo kila siku, saa ile ile, kwa wiki mbili. Kisha ongeza ziwe dakika kumi. Asubuhi kabla ya kushika simu ni saa nzuri, kwa sababu ukiishaishika, siku si yako tena. Usikose usingizi kwa ajili yake, wala usijivune nayo kwa mbogi. Haba na haba hujaza kibaba.

Jambo moja la mwisho, na nalisema kwa uzito wote. Zoezi hili halimfai kila mtu kila wakati. Kuna aliyepitia makubwa, na akifumba macho yale makubwa hurudi. Kama ni wewe, yaache macho wazi, tembea polepole badala ya kukaa, au acha kabisa. Na kama umefika mahali ambapo huoni sababu ya kesho, usikae peke yako ukihesabu pumzi. Ongea na mtu unayemwamini, nenda kituo cha afya, au piga 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Kuomba msaada si udhaifu, na hakuna zoezi linalochukua nafasi ya daktari.

Kwa tuliobaki, wenye mikiki ya kawaida ya kodi, kazi na mapenzi, sioni kisingizio. Wanaotutumia ujumbe saa tano usiku wanaijua thamani ya dakika zetu, ndiyo maana wanazitaka zote. Tuwanyime kumi. Leo usiku, kabla ya kulala, zima data, kaa chini na uhesabu mpaka kumi. Ukipotea njiani, anza tena na moja.