Askari na Gari la Zamani Lisilo na Paa

Tangu mwaka 2018 sheria ya usalama barabarani ya Uganda imekataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu kuundwa kwake. Nia ya sheria hiyo ni njema: kupunguza moshi mijini na ajali barabarani. Lakini imeleta pia tokeo moja ambalo halizungumzwi sana. Gari la zamani la paa la turubai, lile ambalo dereva hukunja paa na kwenda akipigwa na upepo, haliwezi tena kuagizwa kutoka ng'ambo. Hupatikana tu miongoni mwa yale machache yaliyokwisha kuwamo nchini. Kitu kikiadimika bei hupanda, na bei ikipanda ujanja wa wauzaji huzidi. Miongoni mwa wanaoyatamani magari hayo wamo askari wenzetu wa jeshi na polisi, na wengi wao hawajapata kumiliki gari la namna hiyo. Hao ndio tunaokusudia kusema nao leo.

Magari tunayoyazungumzia si mageni Afrika Mashariki. Ni kama Morris Minor ya turubai, iliyoundwa Uingereza toka 1948 hadi 1969. MGB, toka 1962 hadi 1980. Volkswagen ya mgongo wa kobe iliyokatwa paa. Au Mercedes-Benz ndogo ya viti viwili ya miaka ya sitini. Wala mtu asidhani kwamba magari ya enzi hizo ni dhaifu kwa asili. Safari ya Afrika Mashariki, mashindano yaliyoanzishwa mwaka 1953 yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, mwaka uliofuata ilishindwa na Volkswagen ya kawaida. Ubovu wa gari la zamani hautokani na kuundwa kwake zamani. Unatokana na yale yaliyolipata tangu siku hiyo, na hayo ndiyo anayoyanunua mnunuzi, apende asipende.

Tuanze na hati, kwa sababu gari bovu hutengenezeka, lakini hati mbovu haitengenezeki. Gari lililokuwamo Kampala kabla ya mwaka 1972 limepitia dhoruba mbili. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Makumi ya maelfu waliondoka, wakaacha nyumba, maduka na magari. Na historia yaeleza wazi kwamba baadhi ya askari wa utawala ule walijitwalia mali hizo bila kulipa. Dhoruba ya pili ilikuja mwaka 1979. Tarehe 11 Aprili Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda, na uporaji ukafuata mjini. Katika nyakati hizo mbili mali nyingi zilipita toka mkono hadi mkono bila stakabadhi.

Sheria yafuata kanuni ya tangu zamani, kwamba mtu hawezi kumpa mwenzake haki ambayo yeye mwenyewe hana. Ikiwa muuzaji wa kwanza hakuwa mwenye mali, wa pili na wa tatu nao hawakuipata, hata kama kila mmoja alilipa fedha taslimu. Kwa hiyo mnunuzi aiombe kadi ya gari, ambayo wengi huiita logibuku. Alinganishe namba ya chesisi na namba ya injini, herufi kwa herufi, na zile zilizopigwa katika chuma chenyewe. Aulize katika daftari la serikali la usajili. Aipeleke namba hiyo kwa idara ya Interpol ya Jeshi la Polisi, ichunguzwe kama gari liliripotiwa kuibwa. Chuma kilichosuguliwa mahali pa namba, au namba zisizokaa katika mstari mmoja, zatosha kumfanya mtu aage na kwenda zake. Na anayeambiwa kwamba gari liko Kenya, litavushwa Malaba au Busia kimya kimya, ajue kwamba kuvuka mpaka nako ni kuingiza nchini. Akiahidiwa msamaha wa sheria, auone kwanza kwa maandishi.

Hapa pana neno linalotuhusu sisi tunaovaa sare zaidi ya raia. Askari asitumie cheo chake kushusha bei, wala kuharakisha hati, wala kumtisha muuzaji mzee ambaye hana hakika ya haki zake. Alipe bei waliyopatana, mbele ya shahidi, apewe stakabadhi yenye sahihi. Wananchi wa nchi hii wana kumbukumbu ndefu ya askari waliotembelea magari yasiyokuwa yao. Askari anayeonekana leo barabarani katika gari zuri la wazi hutazamwa na kumbukumbu hiyo, na ni hati safi tu zinazoweza kumjibia.

Baada ya hati, mwili wa gari. Katika gari la kawaida paa ni sehemu ya mifupa. Huyashikanisha mbele na nyuma. Paa likiondolewa, nguvu zote huhamia sakafuni, na hasa katika boriti mbili zilizo chini ya milango. Kwa hiyo kutu ambayo katika gari la kawaida ni dosari, katika gari la wazi ni hatari ya maisha. Nayo hupenda mahali hapo hapo, maana turubai kuukuu huvuja na maji hutuama chini ya zulia. Mnunuzi ainue zulia aone sakafu. Achukue sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa aipitishe kwenye boriti hizo: isiposhika, chini ya rangi hapana chuma bali pati ya kuzibia matundu. Kisha watu wawili wakae ndani, na milango ifunguliwe na kufungwa. Ikikwama, au upenyo kati ya mlango na mwili ukiwa mpana chini na mwembamba juu, gari hilo limeanza kukunjika katikati. Rangi inayong'aa isimdanganye mtu; kupaka rangi ni rahisi kuliko kuunga boriti.

Injini iwashwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha ipasha moto kabla ya mgeni kufika huenda ana la kuficha. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma, pamoja na oili iliyofanana na chai ya maziwa, ni maji yaliyoingia pasipotakiwa. Injini nyingi za miaka ya hamsini na sitini ziliundwa kwa petroli yenye risasi, ambayo iliondolewa katika nchi za kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Risasi ile ilikuwa ikilinda viti vya vali. Bila hiyo, viti vya chuma laini huliwa pole pole na injini hupoteza nguvu. Fundi hodari huweza kuweka viti vigumu, lakini kazi hiyo ina gharama, na mnunuzi aulize kama imekwisha kufanywa.

Breki nazo zataka uangalifu. Magari mengi ya kabla ya mwisho wa miaka ya sitini yana njia moja tu ya mafuta ya breki; bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hukosa breki kwa pamoja. Mengi hayakuundwa na mikanda ya usalama, na likipinduka hapana paa la kukinga kichwa. Kabla ya fedha kutoka mfukoni, mnunuzi atafute fundi asiyemjua muuzaji, na alipeleke gari kwa wakaguzi wa magari wa polisi, Naguru.

Sasa tulipeleke gari hilo Kalerwe, maana nchi yenyewe ndiyo mkaguzi mkali kuliko wote. Pale barabara ya Gayaza hukutana na Northern Bypass, na soko hulisha sehemu kubwa ya kaskazini ya jiji. Askari anayetoka Mulago kuelekea Gayaza, au anayetafuta njia ya Bwaise aende Bombo, hupita hapo kati ya malori ya ndizi, teksi na bodaboda. Gari huenda hatua mbili likasimama kumi. Injini ya zamani hupozwa zaidi na mwendo. Katika msongamano huo rejeta iliyoziba huchemka upesi. Kisha ni bonde: mvua kubwa ikinyesha, mfereji wa Nsooba hufurika na maji hupanda barabarani. Gari lenye sakafu ya chini na boriti zenye kutu halistahili kuingizwa katika maji hayo hata mara moja. Tena, likiachwa kando ya soko, turubai hufunguka kwa kisu kimoja. Polisi wanaosoma haya wanajua hatutii chumvi. Anayetaka gari la kwendea kazini kila siku kwa njia hiyo, tunamshauri anunue gari la kawaida lenye paa la chuma. Lile la wazi liwe gari la pili, na lipate banda, maana jua na mvua za Kampala hulila turubai haraka.

Jambo la mwisho ni mfuko. Askari wa jeshi wana Wazalendo SACCO, na polisi wana Exodus SACCO. Vyama hivyo vimewasaidia wengi kujenga na kusomesha watoto. Deni la nyumba huacha nyumba, lakini deni la gari bovu huendelea kukata mshahara wakati gari lenyewe limelala juu ya mawe. Rai yetu ni kwamba gari la starehe linunuliwe kwa akiba na si kwa mkopo, na katika akiba hiyo theluthi moja ibaki bila kuguswa kwa ajili ya matengenezo. Soko la Kisekka lina vipuri vingi, lakini vingi vyao ni vya magari ya Kijapani. Vya MGB bado vinaundwa Uingereza na huweza kuagizwa. Vya gari lililosahauliwa na waliouunda muundo wake huenda visipatikane popote. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza, gari la kawaida la enzi yake ni bora kuliko la ajabu.

Hatumkatazi mtu. Kukitunza chombo cha zamani ni kazi ya heshima, nayo humfundisha mtu subira na utaratibu. Lakini afisa hapeleki kikosi mahali ambapo doria haijafika. Hati kwanza, boriti pili, injini na breki tatu, mfuko nne, na rangi mwisho kabisa. Askari atakayeufuata mpango huo huenda akarudi nyumbani mara kadhaa bila gari, na kila mara atakuwa amerudi na fedha zake na jina lake.