Wacheni Kuuza Rejeta za Magari ya Zamani kwa Kilo

Wasee, tuambiane ukweli. Wengi wetu tunapenda magari ya kizamani kwa sababu yanatoka poa kwenye picha. Peugeot 404 rangi ya maziwa, Datsun 160J, Land Rover ya enzi za guka: weka moja kwa posti uone vile laiki zinamiminika. Lakini ni nani umewahi kuona akiposti rejeta? Hakuna. Na mimi nasema magari haya hayamalizwi na rangi kuchujuka wala viti kuraruka. Yanamalizwa na joto, na mara nyingi ni sisi tunayamaliza, pale tunapong'oa rejeta yake ya shaba na kuipeleka kwa mtu wa vyuma chakavu.

Wenye Volkswagen Beetle, nyinyi pitieni tu. Injini yenu inapozwa kwa hewa, hamna rejeta, hamna stress.

Sasa sikia kwa nini nawasha moto kuhusu hii kitu. Ukifungua boneti ya gari la juzi utapata rejeta ya alumini yenye matangi ya plastiki juu na chini, yamebanwa pamoja kwa meno ya chuma. Plastiki ikipasuka, habari imeisha, unanunua nyingine. Hiyo sina shida nayo. Ukiwa na Vitz, usimsumbue fundi, nunua mpya uendelee na maisha. Lakini rejeta ya gari la miaka ya 50 na 60 ilitengenezwa kwa akili nyingine kabisa. Vijibomba, mapezi na matangi ni ya shaba na shaba ya njano, na vyote vimeshikanishwa kwa lehemu ya bati na risasi. Lehemu hiyo huyeyuka kabla haijafika digrii 300. Shaba yenyewe huyeyuka ikipita digrii 1,080. Piga hesabu: fundi anaweza kuifungua, kuisafisha na kuifunga tena bila kuidhuru, leo, na tena miaka 20 ijayo. Kitu kiliundwa ili kirekebishwe, halafu wewe unakiweka kwenye mizani.

Na usidhani utapata nyingine kirahisi. Zunguka Grogan, pale Barabara ya Kirinyaga, uulize rejeta ya 404. Utaonyeshwa ya Probox. Magari ya mitumba hayaruhusiwi kuingia Kenya yakiwa yamepita miaka minane, kwa hivyo spea zilizojaa sokoni ni za magari ya juzi, na rejeta zake ni hizo za plastiki. Za zamani zilizobaki ni zile tu ziko ndani ya magari yaliyolala nyuma ya nyumba za watu huko Nyeri, Machakos na Kisumu. Kila moja inayoyeyushwa ni moja imepungua, na hakuna meli inayoleta zingine.

Najua kuna msee anasema, si niweke tu ya alumini, ni nyepesi na inapoza poa? Inawezekana, na watu wanafanya. Lakini utakata mabano, utatafuta mipira ya saizi nyingine, feni haitakaa sawa. Halafu kuna kifuniko, na hapa ndipo watu wanachomeka vibaya. Magari mengi ya zamani yaliundiwa kifuniko cha presha ndogo, pauni 4 au 7 hivi kwa inchi mraba. Rejeta ya kisasa huja na kifuniko cha pauni 13 na kwenda juu. Ukifungia injini ya guka presha hiyo, maji yatajitafutia njia: yatatoka kwa sili ya pampu, kwa mpira uliochoka, au kwa kile kijirejeta cha kupasha joto ndani ya gari.

Presha si mchezo hapa kwetu. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na maji ya sufuria huchemka kwa digrii 94 au hapo karibu, si 100 kama tulivyokariri shuleni. Panda Limuru na yanachemka mapema zaidi. Kifuniko kizima ndicho kinachoyazuia. Kwa hivyo kabla hujalaani rejeta, badilisha kifuniko, angalia thamosteti, angalia mkanda wa feni. Nimeona mtu akiuza rejeta nzima kumbe tatizo lilikuwa mkanda uliolegea. Nilitaka kulia.

Kama kweli inavuja, kazi yenyewe ni tamu kutazama kuliko video nyingi mnazonitumia. Fundi anaziba matundu yote, anapuliza hewa, anaizamisha rejeta ndani ya pipa la maji. Anangoja. Mapovu yanatoka pale palipo na shimo, anapatia alama. Anaikausha, anasugua mpaka shaba ing'ae, anapaka asidi, halafu anapitisha moto wa gesi polepole huku lehemu ikikimbia kujaza ufa. Moto ukizidi kidogo, viungo vya jirani vinafunguka na sasa una mashimo sita. Ndio maana sitaki usikie mtu wa kuchomelea mageti akikuambia hata yeye anaweza. Hawezi. Kama vijibomba vimejaa uchafu wa miaka ya maji ya kisima, fundi anatoa tangi la juu na kupitisha ubapa wa chuma kila kijibomba, kimoja kimoja. Na vikiwa vimeoza kabisa, matangi ya zamani yanabaki, anavisha sehemu mpya ya katikati. Kwa nje gari bado ni lile lile.

Hizo dawa za kuziba unazomwaga ndani zinaziba shimo, halafu zinaziba na vijibomba vizima. Ute wa yai na pilipili manga ni za kukufikisha nyumbani ukikwama Salgaa usiku. Kesho yake osha hiyo takataka.

Shida ni kwamba mafundi wanaojua kazi hii ni wazee. Pale Kariobangi Light Industries niliuliza mmoja kama ana mwanafunzi, akacheka. Vijana wanakuja, wanaona malipo, wanaondoka kuenda kuendesha boda. Na malipo ni madogo kwa sababu ya nani? Mwenye gari analipia rangi bila kuuliza, analipia picha, analeta gari kwa maonyesho pale Ngong Racecourse likiwa linang'aa. Akifika kwa fundi wa rejeta, anaanza, "Buda, si ni kashimo tu." Kazi ya siku nzima inalipwa bei ya chakula cha mchana. Hiyo si kupiga bei, ni madharau.

Na huyo buda anavuta nini siku nzima? Lehemu ina risasi. Kuchomea kunatoa mafusho, na kusugua viungo vya zamani kunatoa vumbi la risasi linaloingia mapafuni na kubaki kwa mikono anayolia ugali. Kenya haiwezi kujifanya haijui risasi ni nini. Watu wa Owino Uhuru kule Mombasa walilipa kwa afya ya watoto wao kwa sababu ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Fundi anahitaji barakoa ya maana, mahali pa wazi, sabuni na nguo za kuacha kazini. Hizo ni pesa, na lazima zitoke kwa bei ya kazi, yaani kwako.

Mimi niliacha chuo, sitawahubiria digrii. Lakini NITA wana mitihani ya ufundi, Gredi ya 3 hadi ya 1, na mtu aliyejifunzia gereji anaweza kuifanya. Kijana mwenye mkono mtulivu angekaa na mmoja wa hawa wazee mwaka mmoja, angetoka na kazi ambayo karibu hakuna wa kushindana naye. Si 404 pekee zinazomhitaji. Trekta za kizamani za Massey Ferguson ziko kila pembe ya Bonde la Ufa, na nyingi zina rejeta za shaba zile zile.

Kwa hivyo wikendi hii ukienda ushago, fungua boneti ya lile gari la guka. Kuna maji? Kuna madoa ya kijani au meupe kwenye viungo? Kifuniko kimeandikwa pauni ngapi? Piga picha hiyo badala ya taa za mbele. Na mtu wa vyuma chakavu akipita na mkokoteni wake, mpe mabati ya choo kilichoanguka.