MARATHONI YA ZANZIBAR: MSIWAKATAZE VIJANA, WAANDALIENI SAFARI

Bismillahir Rahmanir Rahiim.



Sifa njema zote ni za Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu wa Gitega na Muyinga, wazazi kwa wanafunzi. Kila likizo kubwa inapokaribia, suala moja huzuka barazani baada ya swala ya Isha. Vijana wetu wanataka kwenda Zanzibar kwenye mbio za marathoni. Wamezoea kukimbia alfajiri katika milima yetu, wameona picha za watu wanaokimbia kando ya bahari, na wao wanataka wakakimbie huko, waione bahari, wakae siku mbili tatu kisha warudi. Na kila mwaka jawabu wanalopewa na wakubwa ni neno moja tu: haramu. Mazungumzo yanaishia hapo.

Mimi ni mwalimu wa madrasa, na nasema wazi kwamba jawabu hilo halina elimu ndani yake. Kuharamisha ni jambo zito. Anayesema haramu anasema kwa niaba ya Allah (S.W.T.), na anatakiwa alete dalili. Na tazameni matokeo yake. Kijana haachi kwenda. Anakwenda kimyakimya na watu asiowajua, anamdanganya mama yake kuwa yuko kwa mjomba Bujumbura, anaswali akikumbuka, na akirudi hamwambii mtu alichokiona. Tumemkataza safari moja, naye amejifunza kutuficha zote.

JE, KUKIMBIA NI HARAMU?

Hebu turudi kwenye sera. Salama ibn al-Akwa (R.A.), sahaba aliyejulikana kwa mbio zake, alikuwa safarini na Mtume (S.A.W.) wakirejea Madina. Mtu mmoja wa Ansari akawa anatangaza nani atashindana naye mbio hadi Madina. Salama akamwomba Mtume ruhusa, Mtume akampa, wakakimbia, na Salama akamshinda. Habari hii imo katika Sahih Muslim. Angalieni vizuri: yalikuwa mashindano ya mbio, tena safarini, kwa ruhusa ya Mtume mwenyewe.

Na Mama yetu Aisha (R.A.) amesimulia, kama ilivyo kwa Abu Daud, kwamba alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) wakiwa safarini akamshinda, kisha siku nyingine, alipokuwa amenenepa, Mtume akamshinda yeye. Mume na mke, katika safari, wanashindana mbio! Halafu leo mtu anakaa barazani Muyinga na kusema kukimbia ni mchezo wa makafiri. Wanavyuoni hawakutofautiana kwamba kushindana kwa miguu bila ya dau kunafaa. Khilafu yao iko kwenye zawadi za pesa, na anayekimbilia pesa aulize kwanza. Ama vijana kuwekeana dau wao kwa wao, hiyo ni kamari, wala haihitaji kuuliza.

Na sisi Warundi ni watu wa mbio. Dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya nchi yetu aliileta Vénuste Niyongabo huko Atlanta mwaka 1996 katika mita 5,000. Fedha ya mita 800 aliileta Francine Niyonsaba kutoka Rio mwaka 2016. Mtoto wa Gitega anayetaka kukimbia hakuiga kitu cha mbali.

"LAKINI HUKO KUNA MAOVU"

Ndugu wengine wakishindwa kwenye dalili ya kwanza wanahamia ya pili. Wanasema mbio zenyewe si tatizo, tatizo ni yanayofuatana nazo: pombe, muziki, nguo fupi na kuchanganyikana. Hili ni neno la haki na sitalipuuza. Mbio za Kilimanjaro kule Moshi kwa miaka mingi zilibeba jina la bia. Kijana wa Kiislamu akikimbia na fulana yenye tangazo la pombe kifuani, hilo ni ovu na tuliseme.

Lakini tuwe waadilifu. Ligi kuu ya mpira hapa kwetu nayo imeitwa Primus Ligue, jina la bia, na sijasikia katika misikiti yetu mtu akipanda mimbari kuwazuia watoto wasiende uwanjani. Baba anayekaa jukwaani chini ya bango la bia, kisha anamkataza mwanawe marathoni kwa sababu ya bango la bia, anamfundisha mwanawe kwamba dini ni kwa ajili ya watoto tu.

Dawa ya maovu haya ni maandalizi. Kabla ya kujiandikisha, ulizeni mdhamini ni nani na fulana imeandikwa nini. Ikiwa ni pombe au kamari, tafuteni mbio nyingine, kwani siku hizi zimekuwa nyingi. Uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti, na suruali nyepesi ndefu haimzuii mtu kukimbia. Mbio zikimalizika, ondokeni. Karamu ya usiku haimo katika kilomita 21.

SAFARI IPANGWE HIVI

Ndugu zangu, safari isiyopangwa ndiyo yenye hatari. Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba safari ni sehemu ya adhabu, humnyima mtu usingizi wake na chakula chake, na akishamaliza haja yake aharakishe kurudi kwa watu wake. Basi tuipange hivi:

(1) Tarehe. Msitegemee tarehe ya mwaka jana. Thibitisheni kwa waandaaji kabla ya kulipa nauli, kisha iangalieni na kalenda ya Kiislamu. Mbio za Kilimanjaro hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na miaka hii Ramadhani nayo inapita humo humo. Hilo si jambo la kugundua ukiwa njiani.

(2) Siku ya kuondoka. Mbio zikiwa Jumapili, ondokeni Jumatano. Aliye Gitega anapitia Karusi hadi Muyinga, kisha mpaka wa Kobero na Kabanga, halafu Ngara, Nyakanazi, Kahama, Singida na Dodoma hadi Dar es Salaam. Ni zaidi ya kilomita 1,200. Tangu mwaka 2024 kuna treni ya umeme baina ya Dodoma na Dar es Salaam, na wenye watoto wadogo watapata nafuu wakiteremka hapo. Asiyeondoka Jumatano atajikuta anaanza safari Ijumaa asubuhi. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, mtu anayewajibikiwa na Ijumaa haondoki mjini kwake baada ya alfajiri ya siku hiyo, isipokuwa ataipata swala hiyo njiani. Ukiondoka Jumatano, Ijumaa unaiswali Unguja, katika mji ambao kila mtaa una msikiti.

(3) Saa. Ukivuka Kobero, saa inakwenda mbele kwa saa moja. Mpangieni mapema, msije mkakosa basi au swala kwa sababu ya saa ya mkononi.

(4) Swala. Msafiri huyu anaruhusiwa kupunguza rakaa nne kuwa mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Anaanza akishatoka kwenye majumba ya mji wake. Akifika Ijumaa na kuondoka Jumatatu bado ni msafiri, kwa kuwa hakunuia kukaa siku nne kamili. Ama Alfajiri haipunguzwi wala haikusanywi na nyingine. Na hapa ndipo wengi wanapoanguka. Mwezi wa Julai alfajiri ya Unguja inaingia kiasi cha saa 11 na dakika 20, na jua linachomoza kiasi cha saa 12 na nusu. Mbio zikianza saa 12 kamili, mtu anayesubiri kuswali akimaliza ameshaipoteza swala yake. Lalieni karibu na msikiti ulio jirani na mahali pa kuanzia, swalini jamaa, kisha mwende mkakimbie.

(5) Bahari. Boti iendayo kasi kutoka Dar es Salaam inachukua kiasi cha saa mbili. Msipande chombo kilichojaa kupita kiasi, hata kama nauli ni nusu. Mwezi wa Septemba 2011 ilizama MV Spice Islander, na tarehe 18 Julai 2012 ikazama MV Skagit. Mamia ya watu walikufa maji, Allah awarehemu. Tena Julai ni wakati wa kusi, bahari inachafuka. Kutawakali ni baada ya kumfunga ngamia.

(6) Afya. Gitega iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na Muyinga iko juu vilevile. Pwani kuna joto na unyevunyevu tusiouzoea. Mwezi wa Machi 2007 mbio za nyika za dunia zilifanyika Mombasa, na Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda miaka mitano mfululizo, alitoka njiani kabla ya kumaliza. Ikiwa joto la pwani lilimshinda bingwa, mwanafunzi wa darasa la kumi asijidai. Kilomita 5 au 10 zinamtosha.

(7) Karatasi. Hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano ziwe tayari mapema. Pia tangu Oktoba 2024 Zanzibar inawataka wageni wanaotoka nje ya nchi wawe na bima yake. Ulizeni gharama zake kabla ya kufunga hesabu ya safari.

NA BINTI ZETU?

Hapa najua nitapata lawama. Binti zetu nao wanauliza, na wao wanajibiwa kwa ukali zaidi kuliko kaka zao. Hadithi ya mwanamke kutosafiri bila ya mahram imo katika Bukhari na Muslim, na hatuichezei. Lakini hadithi hiyo inamwambia baba kitu gani? Inamwambia afuatane na binti yake! Mahram ni baba, kaka, mjomba, ami. Mmoja akikubali kufunga safari, mlango umefunguka. Kwa hiyo anayesema hakuna mahram wakati yeye mwenyewe ndiye mahram, aseme ukweli kwamba hataki kwenda.

Ama mavazi, Sarah Attar wa Saudi Arabia alikimbia London mwaka 2012 akiwa amejifunika kichwa na mwili, na mwaka 2016 akakimbia marathoni ya Rio. Na kama baba anaona kukimbia mbele ya umati hakumpendezi kwa binti yake, hiyo ni haki yake ya malezi. Amchukue safarini, akimbie naye ufukweni wakati watu hawajajaa, kama Mtume (S.A.W.) alivyofanya na mkewe pasipo watu.

PESA NA HAKI ZA NYUMBANI

Upande wa pili wa suala hili ni wenu vijana, nisije mkadhani nimekuja kuwapigia makofi. Safari hii ni mubaha, yaani inaruhusiwa. Haikupata daraja ya faradhi. Mwenye deni alipe deni. Mwenye wadogo zake ambao ada yao ya shule haijalipwa, alipe ada. Mwenye mke aache masurufu ya nyumba kamili kwa siku zote atakazokuwa njiani. Baba akikataa kwa sababu fedha hazipo, hilo ni jawabu la haki, na kijana mwema analipokea. Anzeni kuchanga mapema, kidogo kidogo, kwa mwaka mzima, na daftari la michango akae nalo mtu mmoja mwaminifu anayejulikana na wazazi.

TUKAIONE NINI HUKO?

Mkifika msiishie kwenye mchanga na mawimbi. Jumamosi, mkiwa mnapumzisha miguu, wapelekeni watoto Kizimkazi kusini ya Unguja, wakauone msikiti ambao maandishi yake ya kufi yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Waonesheni Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa, wajue dhuluma ilivyo. Waambieni kwamba Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambaye tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili wazazi wengi wanaijua, alizaliwa katika mji huo mwaka 1912. Na waambieni kwamba Uislamu ulifika kwetu Burundi kwa watu waliotoka mwambao huo, wakitembea kwa miguu miezi mingi. Njia ile ile tunaipita leo kwa basi kwa siku mbili, tukisikiliza muziki wa dereva bila hata kusoma dua ya safari.

Nawaomba maimamu na walimu wenzangu: mwaka huu, kabla vijana hawajaanza kunong'onezana, waiteni. Undeni kamati ya wazee wawili, akina mama wawili na vijana wawili. Wapangeni wanaokwenda, wekeni kiongozi wa safari kama alivyotuamrisha Mtume (S.A.W.) pale watu watatu wanaposafiri pamoja. Nendeni nao, au watumeni watu mnaowaamini. Mwenye dalili ya kuharamisha jambo hili ailete, tutaisoma kwa adabu. Asiye nayo asitufukuzie watoto msikitini kwa neno asilolifanyia utafiti.

Allah (S.W.T.) atuongoze katika kheri, awahifadhi wasafiri wetu, na awarejeshe salama kwa wazee wao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.