Nambari ya kaunti haijumlishwi

Hebu fanya hesabu hii. Mombasa ni kaunti nambari 1, Nairobi ni nambari 47. Wastani wa nambari hizo ni 24, yaani Pokot Magharibi! Kompyuta itakupa jibu hilo mara moja, wala haitakuonya.

Hapo ndipo sisi waandishi wa programu tunakosea. Tukiona tarakimu, tunakimbilia kujumlisha. Mwaka 1946 Mmarekani S. S. Stevens aligawa vipimo katika ngazi nne, na naona kila programu ingeanzia hapo.

Ya kwanza ni jina tu: nambari ya kaunti, nambari ya simu. Ukihifadhi simu kama nambari kamili, ile sifuri ya mbele inapotea na ujumbe haufiki. Ya pili ni mpangilio: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Pengo kati yao hulijui. Ya tatu ina mapengo sawa, lakini sifuri yake si kukosa kitu. Nyuzi 30 za Selsiasi si joto maradufu ya nyuzi 15. Ya nne ina sifuri ya kweli: shilingi 1,000 ni mara mbili ya 500.

Jameni, ripoti zetu huamua pesa ziende wapi. Wastani usio na maana ukiingia humo, anayeumia ni mwananchi. Uliza kwanza: hii nambari ni jina, daraja au kiasi? Kama ni jina, ihifadhi kama maandishi, basi.