Mdeni Naye Ana Haki ya Kuhama

Wahenga walinena kuwa dawa ya deni ni kulipa. Ni methali isiyojua mzaha. Haiulizi deni lilizaliwa vipi, wala mfuko wa mdeni una nini, wala dawa yenyewe inauzwa kwa bei gani na katika duka lipi. Swali hili la mwisho si la kipuuzi hata kidogo. Nchini Uingereza, mathalani, hutokea mtu akawa anadaiwa na kampuni inayomuuzia umeme, kisha akabaini kwamba kampuni nyingine inauza umeme uo huo kwa bei nafuu zaidi. Hutaka kuhama, si kwa nia ya kulikimbia deni, bali ili gharama yake ya kila siku ipungue na apate cha kulilipia. Je, aruhusiwe kuondoka, au azuiliwe mpaka alipe asisaze hata peni moja? Kanuni za huko hujibu kwamba inategemea. Inategemea nini? Hapo ndipo penye kichekesho, na ndipo penye dhuluma.

Msomaji wa Kenya, aliyezoea kwamba nguzo, nyaya, mita na ankara vyote ni vya shirika moja, huenda akashangaa mtu ahamaje kutoka kwa muuza umeme mmoja hadi mwingine bila kung'oa nyaya ukutani. Uingereza (ukiitoa Ireland ya Kaskazini, ambayo ina utaratibu wake) ilizitenganisha kazi hizo baada ya sheria ya mwaka 1989 iliyobinafsisha sekta ya umeme. Nyaya zina wenyewe. Wauzaji nao hununua umeme kwa jumla kisha wakauuza kwa rejareja. Kufikia mwaka 1999 kila nyumba ilikuwa na uhuru wa kumchagua muuzaji. Anayehama haoni tofauti yoyote katika balbu yake. Kinachobadilika ni jina lililo juu ya ankara, pamoja na bei. Uhuru huu ulisifiwa kuwa ndio silaha ya mnyonge: kampuni ikikupunja, unaipa kisogo.

Lakini silaha hiyo imetiwa kufuli. Deni likiwa changa, yaani halijapita siku 28 tangu lidaiwe, mteja huweza kuhama na deni likajumlishwa katika ankara yake ya mwisho. Likizidi siku hizo, muuzaji wa zamani anaruhusiwa kuupinga uhamisho. Hapo ndipo wadeni wanapogawanywa mafungu mawili. Anayetumia umeme kwanza na kuletewa ankara baadaye sharti alipe ndipo aachiliwe. Anayetumia mita ya kulipia kabla, ile ambayo Mkenya angeiita mita ya tokeni, anaweza kuhama pamoja na deni lake, mradi lisizidi pauni 500 za umeme na kiasi kama hicho cha gesi. Muuzaji mpya hulipokea deni hilo na kuendelea kulikata kidogo kidogo kupitia mita. Kabla ya mwaka 2012 kikomo kilikuwa pauni 200.

Hebu na wafikiriwe majirani wawili wanaoishi ghorofa moja, kila mmoja akidaiwa pauni 400. Mmoja ana mita ya kulipia kabla. Mwingine huletewa ankara. Deni ni lilelile, umaskini ni uleule, pengine hata chanzo ni kilekile, baridi ya Januari. Wa kwanza anakwenda zake kwa muuzaji mwenye bei nafuu. Wa pili amefungwa. Akitaka uhuru kama wa jirani yake, njia iliyo karibu ni kukubali kuwekewa mita ya kulipia kabla. Yupo na jirani wa tatu, mwenye mita hiyo hiyo lakini anayedaiwa pauni 510. Huyu, kwa pauni 10 tu, anaweza kukataliwa. Kadiri deni linavyonenepa ndivyo haja ya bei nafuu inavyozidi, na ndivyo mlango unavyozidi kubanwa. Mantiki ya jambo hili haimo katika hali ya mdeni asilani. Imo katika mita. Mita ya kulipia kabla ni mkusanya madeni asiyelala, asiyekula rushwa na asiyesikia kisingizio. Kanuni haimwamini mtu kwamba atalipa; inakiamini chuma.

Watetezi wa wauzaji wana hoja, nayo isidharauliwe. Husema kwamba deni lisilolipwa halitoweki, bali hutawanywa katika bei za wateja wengine, wakiwemo maskini wanaojinyima wapate kulipa kwa wakati. Ni kweli. Kufikia mwaka 2024 madeni ya umeme na gesi ya majumbani huko yalikuwa yamepita pauni bilioni 3. Husema pia kwamba pasipo kizuizi, mjanja angehama kila msimu akiacha nyuma yake mkururo wa ankara. Hata hivyo, hoja hii inachanganya mambo mawili yasiyofanana. Kuhama na deni si kuliacha. Mwenye kupanga nyumba akahamia mtaa mwingine huku akiendelea kumlipa mwuza duka wa mtaa wa kwanza hajamdhulumu mtu. Mkataba wa kulipa kwa awamu unaweza kumfuata mdeni popote aendako, na utaratibu wa wale wa pauni 500 umethibitisha kwamba wauzaji wakitaka wanaweza kukabidhiana deni. Maadamu linawezekana kwa pauni 500, ni kipi kinacholifanya liwe muhali kwa pauni 600, au kwa mtu wa ankara ambaye ametimiza ahadi yake ya malipo kila mwezi?

Isitoshe, hiyo mita inayofanywa pasipoti ya uhuru ina machungu yake. Kwa miaka mingi waliokuwa nayo walitozwa bei ya juu kuliko waliolipa kupitia benki, tofauti iliyoanza kuondolewa Julai 2023. Ada ya kila siku huendelea kuhesabiwa hata nyumba ikiwa haina mtu, hivi kwamba aliyelazwa hospitalini mwezi mzima hurejea akakuta anadaiwa. Na pesa zikiisha, taa huzima. Hakuna fundi anayekuja, hakuna barua, hakuna wa kulaumiwa. Katika istilahi za sekta hiyo, mtu wa namna hii husemwa kwamba amejikatia umeme.

Neno hilo linastahili kutuliwa. Wanafunzi wa sarufi wanajua kazi ya kirejeshi *ji*: humfanya mtenda na mtendwa kuwa mmoja. Aliyejikata alikishika kisu mwenyewe. Kwa silabi moja tu, bei iliyopanda, kipato kilichodorora na deni linalokatwa kabla ya taa kuwaka vyote hufutika katika sentensi, akabaki mtu aliyejitendea. Mita ndiyo iliyokata, kwa amri iliyopangwa na muuzaji, lakini muuzaji haonekani kama kiima wala kama yambwa. Yamkini hakuna kanuni ya pauni ngapi inayomdhuru mdeni kuliko silabi hiyo, kwani aliyejikatia hana wa kumlalamikia, na kwa muda mrefu hakuhesabiwa miongoni mwa waliokatiwa.

Matokeo ya kukiamini chuma yalidhihirika mapema mwaka 2023. Gazeti la The Times lilifichua jinsi mawakala wa madeni, wakiwa na vibali vya mahakama, walivyoingia kwa nguvu katika nyumba za wateja wanyonge ili kuwawekea mita za kulipia kabla. Februari mwaka huo Ofgem, mamlaka inayodhibiti soko la umeme na gesi, iliwataka wauzaji wasitishe uwekaji huo wa lazima. Kanuni zilizoanza kushurutishwa Novemba 2023 zinamtaka muuzaji, miongoni mwa mengine, ajaribu kuwasiliana na mteja angalau mara 10 kwanza. Lakini mita za kisasa hubadilishwa kwa mbali, pasipo fundi kubisha hodi.

Kiswahili cha zamani kilikuwa na jozi ya maneno ambayo siku hizi hayasikiki sana: mwia na mwiwa, yaani anayedai na anayedaiwa, yote mawili yakitokana na kitenzi wia. Sauti hizo hizo ndizo zilizomo katika *niwie radhi*. Wanaetimolojia na waamue iwapo ni kitenzi kimoja au ni viwili vilivyofanana kwa sadfa. Linalovutia ni kwamba katika jozi ile mwia na mwiwa wametenganishwa na konsonanti moja tu, na kila mmoja humhitaji mwenzake ili awepo. Hakuna aliye mwovu kwa umbo la neno. Ankara za leo hazina mwiwa, zina mkaidi.

Ni haki kukiri kwamba uhuru wa kuhama si dawa ya kila kitu. Bei za gesi zilipofumka mwaka 2021, karibu wauzaji 30 walianguka katika mwaka huo na uliofuata, na bei nafuu za kuhamia zikatoweka sokoni. Kikomo cha bei kilichowekwa na Ofgem kilipanda kutoka pauni 1,277 kwa mwaka kwa nyumba ya wastani, Oktoba 2021, hadi pauni 1,971 Aprili 2022, na Oktoba 2022 serikali ikalazimika kuingilia ili nyumba kama hiyo isilipe zaidi ya takriban 2,500. Wakati huo hata asiye na deni hakuwa na pa kwenda. Lakini soko lilipofunguka tena, walioweza kuzifaidi bei mpya walikuwa wale wale wasiodaiwa, ilhali walioingia madeni katika msimu ule wa taabu, tena madeni yaliyozaliwa na bei na si na anasa, walikuta mlango umekomewa.

Haya yanaihusu Kenya kwa sababu moja mahususi. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 iliacha nafasi ya kuwapo wasambazaji na wauza umeme wengine wenye leseni, ingawa kwa Wakenya wengi mno waliounganishwa na gridi ya taifa muuzaji angali mmoja. Wakenya walikwisha kuonjeshwa uhuru wa aina hii Aprili 2011, waliporuhusiwa kuhama mtandao wa simu pasipo kubadilisha nambari. Siku ya umeme ikifika, kanuni zitakuwa zimekwisha kuandikwa, na wadeni hawatakuwa wamealikwa. Isitoshe, Kenya ina tatizo lake: mijini akaunti aghalabu imesajiliwa kwa jina la mwenye nyumba, na mpangaji mpya hukuta mita imebeba deni la aliyemtangulia. Uingereza, pamoja na kasoro zake zote, inakubali kwamba deni la aliyetangulia si la anayeingia, mradi aarifu mapema ili mita isije ikamkata.

Kwa hivyo ni afadhali mambo machache yadaiwe mapema. Deni liandikwe kwa jina la mtu, si kwa nambari ya mita. Deni lililotokana na kosa la muuzaji, kwa mfano mita kusomwa visivyo, lisimzuie mteja, kama lisivyomzuia Uingereza. Mwenye mpango wa malipo anaoutimiza ahame nao, awe na mita ya tokeni au asiwe nayo, na kiasi kisiwe ndicho hakimu. Na maadamu Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, barua ya kumwarifu mtu kwamba uhamisho wake umepingwa iandikwe kwa Kiswahili anachokielewa, ikimtaja aliyepinga kwa jina, kiasi anachodai na mahali pa kukata rufaa. Walio na taaluma ya kuiandika barua hiyo wamo katika idara za Kiswahili. Wakiombwa, na wahakikishe kwamba mahali popote ambapo pesa zimemwishia mtu akabaki gizani, haikuandikwa kwamba amejikatia.