Siyo uzee, jamani!

Wadau, leo mniwie radhi mapema, nataka kuongelea mkojo. Tena mkojo wa bibi zetu.

Chukulia bibi wa Ruanda, ile ya Mbozi mkoani Songwe (siyo ile nchi, wala ile Ruanda ya Mbeya mjini). Amezaa watoto saba, amebeba kuni, maji na kahawa kichwani miaka nenda rudi. Sasa akikohoa, khanga imelowa. Akicheka, imelowa. Kanisani haendi tena, basi la Tunduma hapandi, na maji ya kunywa kayapunguza ili asiaibike. Kumbe mkojo ukikolea unakikera kibofu, anazidi kubanwa!

Ukitaja mkojo kuvuja, wengi tunawaza fistula. Fistula ni tundu linalotokana na uchungu wa kujifungua uliokaa muda mrefu, na mkojo unavuja usiku na mchana. CCBRT ya Dar imefanya kazi kubwa hapo: upasuaji bure, na mwaka 2009 wakaanza kuwatumia wagonjwa nauli kwa M-Pesa. Tangu 2013 kuna na siku ya kimataifa, 23 Mei. Safi sana. Lakini bibi wa kukohoa hana siku, hana bango, hana hata jina la heshima la tatizo lake. Tunalo "kikojozi" tu, la kumcheka mtoto.

Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, na madirisha ya wazee yapo hospitali nyingi. Sasa niambieni, bibi ataanzaje kusema pale dirishani huku nyuma yake kasimama mtoto wa jirani? Atasema mgongo. Atapewa dawa ya maumivu, atarudi nyumbani na khanga yake. Ndiyo maana nasema aulizwe yeye, tena faraghani. Kila mama wa zaidi ya miaka 50 anayekuja kupima presha au sukari, muuguzi amuulize: "Mama, mkojo unakutoka bila kutaka?" Swali lenyewe halina gharama.

Na mara nyingi linatibika! Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliandika juu ya mazoezi yake mwaka 1948: unabana misuli ya chini kama unayezuia mkojo, halafu unaachia. Mara 8, mara tatu kwa siku, miezi mitatu. Akiwa anachambua mboga, nani atajua? Anayebanwa ghafla akashindwa kufika chooni apunguze chai ya rangi, na choo kisiwe mbali usiku. Ila mkojo ukiwa na damu au ukichoma, hiyo ni hospitali moja kwa moja, inaweza kuwa UTI au kingine kikubwa zaidi.

Mama yako hawezi kumuuliza mama yake mambo haya, anaona haya. Wewe mjukuu, unayeitwa "mume wangu" kila ukifika likizo, utani unakuruhusu. Muulize. Akicheka, usibadilishe mada.