Saa Moja ya Angani na Umbali wa Serikali

Safari ya ndege kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma huchukua muda wa saa moja hivi. Umbali wa angani baina ya miji hiyo haufiki kilometa 400. Kwa barabara, kupitia Morogoro, ni kilometa 450 hivi. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini haitoshi. Saa ya ndege si saa ya msafiri.

Msafiri wa ndege hutoka kwake mapema, akapambana na msongamano wa magari, akafika uwanjani kabla ya wakati, akapekuliwa, kisha akangoja. Ile saa moja huwa tatu. Treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria hadi Dodoma mwezi Julai 2024, na ambayo mwendo wake hufikia kilometa 160 kwa saa, humfikisha kwa muda wa saa tatu na nusu hadi nne hivi. Tofauti iliyobaki ni ndogo kwa saa, lakini ni kubwa kwa fedha.

Kwa nini tunayasema haya? Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Shabaha ilikuwa kuisogeza Serikali katikati ya nchi, karibu na wakulima na wafanyakazi wa mikoa yote. Uamuzi huo ulitekelezwa nusunusu kwa zaidi ya miaka arobaini, hadi mwaka 2016 Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali yote itahamia huko. Leo wizara ziko Dodoma, na hilo ni jambo la kujivunia.

Hata hivyo, kuhamisha majengo si kuhamisha Serikali. Ikiwa mkubwa wa ofisi huruka kwenda pwani kila Ijumaa mchana na kurejea Jumatatu jua limekwisha panda, mkulima aliyetoka Kigoma kufuatilia shauri la shamba lake atakuta kiti kitupu. Wazee walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Ajabu ni kwamba hapa asiyekuwapo ni mtumishi, na linalopotea ni la mwananchi.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, watumishi wa umma wanaokwenda Dar es Salaam kwa kazi za kawaida wapande treni. Ndege iachiwe mambo ya dharura na safari ndefu. Pili, reli itunzwe. Baina ya Kilosa na Gulwe mafuriko yameikata reli ya zamani mara kwa mara, na reli mpya nayo haitajilinda yenyewe. Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, shauri linaloweza kumalizwa wilayani limalizwe wilayani, ili mwananchi asilazimike kufunga safari kwa ajili ya sahihi moja.

Umbali baina ya Serikali na wananchi haupimwi kwa kilometa wala kwa dakika za kuruka. Hupimwa kwa siku anazopoteza mnyonge kabla hajasikilizwa. Umbali huo ukipungua, hapo ndipo tutakaposema bila kigugumizi kwamba uamuzi wa mwaka 1973 umetimia.